Je, ni mbwa mwitu waliorudisha miti ya Yellowstone, au ni namna tunavyoipima?

#1 Mche wa Mvule
Wakuu, habari za jioni.

Ile hadithi ya Yellowstone imerudi tena kwenye makundi ya wahifadhi: mbwa mwitu waliletwa, elki wakaingiwa na hofu, miti ikaota, biva (mnyama wa majini anayeguguna miti) wakarudi kujenga mabwawa yao, mpaka mito ikabadilisha njia. Safari hii imetumwa na mkufunzi anayefundisha vijana wa wanyamapori. Nimeona nilete mjadala hapa kuliko kubishana naye mbele ya wanafunzi wake.

Kwa wageni wa jambo hili: Yellowstone ni hifadhi ya taifa ya Marekani, sehemu yake kubwa iko Wyoming, ilianzishwa 1872. Mbwa mwitu wa mwisho ndani ya hifadhi (wale wa kijivu, wolf kwa Kiingereza, si wetu wa madoa) waliuawa 1926, kwa mkono wa serikali yenyewe. Elki, hawa ni jamii ya kulungu lakini dume hufika kilo 300, wakabaki wanatawala. Kila majira ya baridi walimaliza machipukizi ya aspeni, mti wa nchi za baridi unaochipua kutoka mizizini, na ya mierebi, vichaka vya kando ya maji. Watafiti walipotoboa mashina na kuhesabu pete walikuta kuwa tangu miaka ya 1920 karibu hakuna aspeni mpya iliyofanikiwa kuwa mti. Mwaka 1995 wakaletwa mbwa mwitu 31 kutoka Kanada. Elki wa ukanda wa kaskazini wa hifadhi walikuwa kama 19,000. Kufikia 2013 walihesabiwa chini ya 4,000.

Hadi hapo sina ugomvi. Ninachokikataa ni mnyororo wenyewe kunyooka namna ile, kana kwamba porini kuna sababu moja na matokeo moja. Aliyewahi kufanya kazi ya ploti, yaani vipande vya ardhi vya kupimia mimea, huko au hapa kwetu, atusaidie: ukikuta mti umeota, unajuaje nani kauachia nafasi?

#2 Kipepeo Amani
Naweka kambi hapa. Uzi wa maana.

#3 Dada wa Gallatin
Mche wa Mvule, asante kwa kuuleta. Niko Montana, jimbo linalopakana na hifadhi, na kazi hiyo ya msimu nimeifanya, nitasema ninachokijua.

Asubuhi mnapewa orodha ya vichaka vya aspeni, GPS, fito ya kupimia na fomu. Mnanyoosha kamba, mnahesabu kila chipukizi lililo ndani ya ukanda. Kwa kila moja mnaandika urefu, ncha imeliwa au ni nzima, na kama imeliwa ni baridi iliyopita au kiangazi hiki. Ncha iliyoliwa huacha kisiki kidogo na tawi jipya hutokea pembeni, kwa hiyo mwenye jicho anaweza kushuka na shina hilohilo akasoma lilikuwa na urefu gani miaka kadhaa nyuma. Kipimo kinachosubiriwa ni mita 2. Likivuka hapo, kwa sehemu kubwa elki hafikii ncha, na chipukizi limejiokoa.

Sasa tatizo. Ukiingia kichakani macho hukimbilia mirefu. Na kwa miaka mingi tafiti zilizosifiwa zilipima mirefu mitano tu katika kila kichaka, kwa hoja kwamba hiyo ndiyo itakayokuwa miti. Mwaka 2021 Elaine Brice na wenzake wakalinganisha njia hiyo na kuchagua machipukizi kwa bahati nasibu katika vichaka vilevile. Kupima mirefu pekee kulikuza ufufuko wa aspeni mara 4 hadi 7. Miti imeongezeka kweli, hilo hawakulikana. Lakini ni kidogo kuliko tulivyoambiwa.

#4 Mtani wa Takwimu
Dada wa Gallatin, nakuheshimu lakini hapo usiwaache watu na picha kwamba waliopima mirefu walikuwa wanadanganya. Msitu haurithiwi na wastani wa machipukizi. Aspeni huchipua mamia kutoka kwenye mzizi mmoja na mengi hufa hata pasipo mnyama. Ukitaka kujua kama kizazi kipya kimeanza, mirefu ndiyo ya kuangalia. Ukitaka kujua hali ya kichaka kizima, chagua kwa nasibu. Ni maswali mawili, watu wakayafanya moja.

#5 Mwalimu Kibatari
#1, sahihisho dogo. Mwaka 1995 walikuja 14, wakatolewa Alberta. Wengine 17 walikuja 1996 kutoka British Columbia. Hiyo 31 ni jumla ya miaka miwili.

#6 Bwana Nyumbu
Salaam wanajukwaa. Mimi ni mstaafu wa Serengeti na nimesoma #1 nikitabasamu, maana kwetu miti iliongezeka bila mtu kuleta simba.

Sotoka iliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, ikaua ng'ombe na ikaua nyumbu na nyati. Ng'ombe wa wafugaji wanaozunguka hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ukatoweka kwa wanyamapori wenyewe, hakuna aliyemkamata nyumbu akamchoma sindano. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama robo milioni, mwishoni mwa miaka ya 1970 wamevuka milioni 1.2. Sasa tazama: nyumbu wengi, nyasi fupi. Nyasi fupi, moto hauna cha kula. Moto ukipungua, miche ya migunga inapita. Wala majani wameongezeka na miti imeongezeka. Angekuja mtu na hadithi ya Yellowstone mkononi angesema haiwezekani.

Ninachotaka vijana wachukue: kabla hujamtaja mnyama, uliza moto unasemaje.

#7 Kipepeo Amani
Mzee Nyumbu shikamoo. Sasa Yellowstone si iliungua vibaya 1988? Moto ule haukuchipusha aspeni?

#8 Bwana Nyumbu
Marahaba mwanangu. Uliungua, kama asilimia 36 ya hifadhi. Moto kwa aspeni si adui, ukiua shina la juu mizizi huchipua kwa wingi. Ila chipukizi linahitaji kuachwa likue, na 1988 elki walikuwa bado maelfu kwa maelfu. Huko kaskazini mengi yaliliwa.

#9 Shaba ya Njombe
Mnawasahau binadamu. Elki hawakuuawa na mbwa mwitu peke yao. Wakati wa baridi wanatoka hifadhini kufuata nyasi za chini upande wa Montana, na huko jimbo liliendesha uwindaji wa mwisho wa msimu karibu na Gardiner kwa miaka mingi, walengwa wakiwa majike. Ukiua jike umeua na ndama wa kesho. Uwindaji huo uliendelea miaka ya kwanza baada ya mbwa mwitu kuletwa, kisha ukapunguzwa na kufungwa. Kwa hiyo ile mistari miwili kwenye grafu, mbwa mwitu wanapanda na elki wanashuka, ndani yake kuna bunduki ambayo haijachorwa.

#10 Dubu Mpole
Na dubu naye hajachorwa. Kati ya 2003 na 2005 walifunga ndama wa elki vifaa vya redio waone nini kinawaua. Dubu peke yao walichukua karibu asilimia 60 ya vifo vya ndama katika siku zao za mwanzo. Mbwa mwitu hawakufika asilimia 20.

Kwa nini dubu wakazidisha? Kuna watu wanaeleza hivi: katika Ziwa Yellowstone kuna samaki aitwaye trauti, wa asili, anayepanda vijito kutaga, dubu wakimvua kwa mikono. Mwaka 1994 ikagundulika mtu amepandikiza trauti wa ziwa, mgeni, anayekula wenzake na kuishi kilindini ambako dubu hamfikii. Trauti wa asili wakaporomoka, dubu wakahamia kwa ndama. Ukiufuata huo mstari, samaki aliyemwagwa ziwani anafika mpaka kwenye ncha ya aspeni.

#11 Mtani wa Takwimu
#10 mkuu, mstari mzuri sana, ila nao ni mnyororo mnyoofu uleule anaoukataa mleta mada, umebadilisha mnyama tu 😀

#12 Dubu Mpole
Sijasema ni pekee. Nimesema haujachorwa.

#13 Olepolos
Habari zenu. Mimi ni mfugaji na nasomea ikolojia. Kuna jambo kwenye #1 linanikaa kooni: hofu. Kwamba elki akijua mbwa mwitu yuko bondeni, anaacha mierebi na kupanda mlimani, na miti inapona hata kabla hajauawa elki mmoja. Mbuzi wangu wanajua chui yupo kwenye lile korongo, na mchana kutwa wanalazimishwa na njaa kurudi kulekule. Mnyama mwenye njaa hujifunza saa za adui. Sidhani elki wa mwezi wa pili, theluji ikiwa magotini, ana anasa ya kukataa chakula.

#14 Dada wa Gallatin
Olepolos, waliolijaribu swali lako wapo. Matthew Kauffman na wenzake wa Wyoming walitoa kazi 2010 wakilinganisha aspeni za sehemu ambazo mbwa mwitu huua elki mara nyingi na sehemu ambazo hawaui. Kama hofu ingekuwa inafanya kazi, sehemu za hatari zingekuwa na aspeni nzima zaidi. Hawakuliona hilo. Machipukizi yalionusurika yalikuwa yale yaliyozungushiwa uzio.

Lakini usifunge kitabu. Kazi ile ilipimwa mapema, elki walikuwa hawajashuka vya kutosha. Luke Painter na wenzake walirudi kwenye vichaka 87 vya kaskazini mwaka 2020 na 2021. Kama theluthi moja vilikuwa na aspeni changa ndefu nyingi, theluthi nyingine vilikuwa nazo kwa mabaka, na vilivyobaki havikuwa na kitu cha kusema. Hilo halikuwepo kwa miongo mingi. Mimi nimesimama ndani ya kichaka cha namna hiyo, shina changa nene kuliko kifundo cha mkono, nikajua hapa pamebadilika. Hofu au idadi, sijui nani anastahili pongezi, nadhani idadi.

#15 Mche wa Mvule
Dada, hapo kwenye uzio ndipo nilitaka tufike. Uzio unaeleza nini hasa?

#16 Fundi wa Mto
Niingie hapo, maana mierebi ndiyo eneo langu.

Uzio unakuambia: huyu mnyama akiondolewa, mmea unafanyaje. Tatizo ni kwamba unaondoa mnyama peke yake. Ardhi inabaki ileile. Tom Hobbs na David Cooper wa Chuo Kikuu cha Colorado State walianza 2001 jaribio ambalo kila mwanafunzi wa uhifadhi angefundishwa. Walichukua vijito vya kaskazini mwa Yellowstone, wakaweka ploti za aina nne: zenye uzio na bwawa dogo la kutengeneza linaloiga la biva, zenye uzio bila bwawa, zenye bwawa bila uzio, na zisizo na vyote viwili. Wakazipima miaka 20.

Penye uzio na bwawa pamoja, mierebi ilipaa. Penye uzio bila bwawa, ilikua lakini kwa shida. Pasipo vyote viwili, yaani hali halisi ambayo mbwa mwitu walitakiwa kuiponya, ilibaki mifupi kwa miongo miwili, mingi chini ya ile mita 2. Ripoti ya 2024 imeliweka wazi.

Sababu iko chini ya miguu. Mbwa mwitu walipoondoka, elki walimaliza mierebi. Biva hujenga na kula mierebi, nao wakaondoka. Mabwawa yakabomoka, maji yakaenda kasi, kijito kikajichimbia chini, na maji ya ardhini yakashuka nacho. Sasa mwerebi mchanga unasimama juu ya ukingo mkavu. Hata elki asipougusa, mizizi haifiki maji. Biva harudi kwa sababu hakuna mierebi, mierebi hairudi kwa sababu hakuna biva. Mbwa mwitu hawezi kukata duara hilo.

Ndiyo maana ile habari ya mito kubadilishwa njia na mbwa mwitu inaniuma. Mameneja wa maeneo mengine wanaisikia, wanaamini wakileta mla nyama kazi imekwisha, na mto unazidi kuchimba.

#17 Mwalimu Kibatari
#16 umeandika vizuri mno. Naongeza: biva wa kaskazini mwa hifadhi hawakutokea hewani baada ya 1995. Wenye msitu wa taifa jirani walikuwa wakiwaachia kwenye vijito vya kaskazini ya mpaka kuanzia 1986 hadi 1999, na baadhi walishuka wenyewe kuingia hifadhini. Hata hilo hadithi huwa hailitaji.

#18 Wangari wa Nanyuki
Sasa wacha nilete ya nyumbani. Laikipia tulikuwa na mbwa mwitu wetu, wale wa madoa, wakapotea miaka kama 20, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakarudi wenyewe bila kubebwa na ndege. Chakula chao kikubwa hapa ni digidigi. Kituo cha utafiti cha Mpala kina ploti za uzio, kwa hivyo iliwezekana kuuliza swali lile la Yellowstone kabisa. Adam Ford na Jacob Goheen walitoa matokeo 2015: digidigi walipungua sana, ndiyo. Miti? Haikujali. Kuna wala majani wengine wengi wa kuijaza ile nafasi.

Goheen huyo alikuwa Chuo Kikuu cha Wyoming kwa miaka mingi. Watu wa Wyoming na Laikipia wanafundishana kuliko tunavyodhani.

#19 Wangari wa Nanyuki
Nimesahau nzuri zaidi. Douglas Kamaru, Mkenya wetu, alikuwa mwanafunzi wa huko Wyoming na kazi yake ilitoka kwenye jarida la Science Januari 2024. Pale Ol Pejeta, hifadhi ya hapa Laikipia, sisimizi wageni wenye kichwa kikubwa wanaua sisimizi wa asili wanaolinda migunga. Mgunga ukikosa walinzi, ndovu anauvunja. Vichaka vikiisha, simba anakosa pa kujificha, punda milia wanamwona mapema. Mwaka 2003 punda milia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba, 2020 wakawa 42. Nyati walitoka sifuri wakafika 42. Simba wenyewe hawakupungua, walibadilisha sahani tu.

Hapo mnyororo ulianzia chini, kwa mdudu, ukapanda hadi kwa simba. Walioleta uzi wa kutoka juu kwenda chini waseme.

#20 Bwana Nyumbu
Wangari umeniongezea siku. Kijana huyo kafanya kazi ya kizazi.

#21 Shaba ya Njombe
Na nyati wa Marekani, baisoni? Nasikia bonde la Lamar huko Yellowstone sasa ni lao.

#22 Dada wa Gallatin
Ni kweli, Shaba. Elki waliposhuka, baisoni walipanda, na wao wanakaa bondeni karibu mwaka mzima. Wanakula machipukizi, wanavunja, wanajisugua kwenye mashina. Mbwa mwitu kwa baisoni mzima si mwepesi. Kuna vichaka vya aspeni nilivyopima ambapo elki hana hatia tena, kinyesi na manyoya vyote ni vya baisoni. Fomu ya zamani haikuwa hata na safu ya kumwandika, tulikuwa tunaongeza kwa kalamu pembeni. Hii ni karibu sawa na ya digidigi za Wangari: ukimpunguza mmoja, mwingine anakaa kwenye kiti.

#23 Msonobari
Mnaongea miti ya bondeni tu. Mimi ni wa mashamba ya miti ya kupandwa Nyanda za Juu Kusini, nafuatilia misonobari. Afya ya msitu wa magharibi mwa Marekani kwa sasa haiamuliwi na kwato, inaamuliwa na mbawakawa wa magome na joto. Mdudu mdogo kuliko punje ya mchele anatoboa gome, anataga, na anabeba kuvu inayoziba mishipa ya maji. Zamani baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri iliua viluwiluwi. Baridi hizo zimekuwa chache. Msonobari wa gome jeupe unaoota juu kabisa milimani umepigwa na mbawakawa na ugonjwa wa kutu kwa pamoja, hadi serikali ya Marekani ikauingiza kwenye orodha ya spishi zilizo hatarini Desemba 2022. Mbegu zake ni mafuta ya dubu wa Yellowstone kabla ya kulala. Dubu akikosa mbegu na akikosa trauti...

#24 Dubu Mpole
Asante. Ndicho nilichokuwa nasema #10.

#25 Mtani wa Takwimu
Tumeshafika kwenye mbawakawa. Bado nyangumi.

#26 Msonobari
Mtani cheka, ila aspeni yenyewe ilikufa kwa maelfu ya hekta Colorado baada ya ukame wa 2002. Huko elki si hoja kuu. Ukame unakausha mizizi, kisha wadudu na kuvu wanamalizia. Mtu akipima aspeni Yellowstone bila kuandika mvua na theluji ya mwaka huo, mimi simwelewi.

#27 Mmatengo wa Denver
Nikiwa Colorado niseme la siasa. Novemba 2020 wapiga kura wa hapa waliamua kwa kura mbwa mwitu warudishwe, kwa tofauti ndogo sana. Desemba 2023 wakaachiwa 10 kutoka Oregon. Kwenye kampeni ile hadithi ya miti na mito ilitajwa kila mahali. Majirani zangu wafugaji waliambiwa wavumilie hasara kwa sababu msitu utapona. Je, usipopona? Hawatawaamini watafiti tena, hata kwenye jambo la kweli. Mimi nawapenda mbwa mwitu na nilifurahi walipokuja. Wana haki ya kuwepo hata kama hawaoteshi mti mmoja.

#28 Olepolos
Mmatengo umesema la moyoni mwangu. Kwetu pia mtu anaambiwa simba analeta watalii, mwaka ambao watalii hawaji anauliza simba wa nini.

#29 Mwalimu Kibatari
Kwa wanaodhani ubishi umeisha: Januari 2025 William Ripple na wenzake walitoa makala kwamba ujazo wa mierebi kando ya vijito vya Yellowstone umeongezeka kwa kama asilimia 1,500 kati ya 2001 na 2020. Kabla mwaka haujaisha mtafiti MacNulty, Hobbs wa #16 na wenzao wakajibu kwamba ujazo huo umekokotolewa kutokana na urefu, kwa hiyo urefu unajithibitisha wenyewe, na kwamba maeneo yaliyolinganishwa si yaleyale. Ripple naye amesimama kwenye hoja yake. Pande zote zinafanya kazi bonde moja.

#30 Fundi wa Mto
#29, na kuna jibu la tatu ambalo halipati wasomaji: sehemu zenye maji ya juu, mierebi imepona kweli. Sehemu zilizochimbika haijapona. Ukichagua vituo vyako karibu na chemchemi utamtetea Ripple, ukichagua kingo kavu utamtetea Hobbs.

#31 Mtani wa Takwimu
Hapana Fundi, hilo ulilosema linawezekana ila hujatuonyesha ramani ya maji ya vituo vya pande zote. Bila hiyo ni dhana kama ya dubu.

#32 Fundi wa Mto
Visima vya kupimia maji vipo kwenye ploti za jaribio. Kwenye vituo vya upande wa pili ndiko ningependa viwekwe.

#33 Mche wa Mvule
Wakuu, mmenipa zaidi ya nilichoomba. Niwaeleze kwa nini nauliza. Nasaidia kikundi cha wanakijiji chenye msitu wa hifadhi wa kijiji, miombo. Miche ya mninga haipiti kimo cha goti. Wazee wanasema ni mbuzi, ofisa anasema ni moto, vijana wanasema ni swala waliorudi. Tunataka kuweka ploti za uzio kabla ya mvua. Nipeni la kuepuka.

#34 Wangari wa Nanyuki
Uzio wa aina mbili. Mmoja unaozuia mbuzi na swala wote, mwingine uliofunguliwa chini kiasi swala mdogo apite na mbuzi asipite. Ukiweka wa aina moja utabishana na wazee milele.

#35 Bwana Nyumbu
Na nusu ya kila aina ilindwe na moto, nusu iachwe. Chora barabara ya moto mapema, msingoje Agosti.

#36 Dada wa Gallatin
Mche, chagueni miche ya kupima kwa bahati nasibu leo, kila mmoja mfungieni kibati chenye namba chini ya shina, na msibadilishe miche hiyo hata ikionekana mibaya. Pigeni kibati kwa waya wenye nafasi, shina likinenepa lisikatwe. Mwanzoni mtapima ile mifupi iliyochoka na mtaumia roho. Pimeni hiyohiyo.

#37 Msonobari
Na kipima mvua. Chupa iliyokatwa inatosha ikiandikwa kila asubuhi.

#38 Shaba ya Njombe
Vibati vya makopo ya soda vinafaa? Au tumbili watavichezea?

#39 Mche wa Mvule
Tumbili tunao, na wengi. Aliyewahi kutumia udongo uliochomwa badala ya bati aje hapa.